Bango lina jahazi na mnazi, ndani ni disko la wadhamini. Tumechoka!

Wakuu,

Nimerudi leo asubuhi na usingizi umegoma, kwa hiyo mtanivumilia. Tamasha lenyewe silitaji, waliokuwepo wanalijua na waandaaji wanajijua. Ni hili la mji mmoja wa pwani ambalo kila mwaka bango lake lina jahazi, mnazi na mwanamke kavaa kanga. Nimekaa kwenye basi masaa sita kutoka Dar, nimelipa elfu thelathini getini, nimeingia ndani. Nakuta DJ.

Sina ugomvi na DJ. DJ ninaye hapa Sinza kila Ijumaa, tena bure.

Kikundi cha taarab, kile kilichoandikwa juu kabisa kwenye bango, kimepangiwa saa kumi na nusu, jua bado kali, watu hata mia hawajafika. Dakika kumi na tano! Mzee wa ganuni alikuwa bado anakaza nyuzi. Kwa wasioijua, ganuni ina nyuzi zaidi ya sabini, tatu tatu kwa kila sauti, na joto likipanda zinahama. Sasa mzee kainamisha sikio anasikiliza uzi, DJ pembeni kaachia besi mpaka viti vinatetemeka. MC naye: "Wazee wetu, chap chap, ratiba imebana!" Fundi mitambo kawawekea maiki moja ya kuimbia, kaielekeza katikati ya fidla, udi na ganuni, kaenda zake kula chipsi. Tulichosikia ni ngoma ya dumbaki na upepo.

Ila kilichonichemsha ni kutunza, ile ya kumpelekea mwimbaji noti wimbo ukikugusa. Mbele ya jukwaa wameweka uzio wa chuma, ndani ya uzio meza za VIP zenye vitambaa vyeupe, zote tupu maana VIP huja saa nne usiku. Mama mmoja mtu mzima, kajitanda vizuri, beti ikamgusa. Akainuka na elfu tano yake juu, anakwenda kwa madaha vile tunavyojua. Baunsa akamkinga mkono: "Mama, huku VIP." Baunsa akaelezwa kwamba mama anakwenda kutunza. Hajui kutunza ni nini, anadhani mama anataka picha na msanii! Mwimbaji anamwona, kamgeukia kabisa anamwimbia yeye, na chuma katikati. Mwisho mama akaikunja noti, akaifunga kwenye pindo la kanga, akarudi kukaa.

Jamani, anayetunza naye anasema lake. Kuna mtu humo ndani anaambiwa "hilo fumbo ni lako, umelisikia". Ukiweka uzio pale umewapa watu nusu ya wimbo.

Usiku akaja "staa". Sitaki kumsema sana. Maiki iko kiunoni na sauti inaendelea kutoka. Dakika hamsini.

Na msije na "dunia inabadilika, wazee hamtaki vipya". Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Unguja, alivuka bahari mpaka Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Kipya kuliko hicho kwa wakati ule kilikuwa kipi? Hata jana kuna kijana alikuja na bendi yake ya bongo fleva, gitaa, kinanda, ngoma, akapiga laivu mwanzo mwisho, nikacheza mpaka viatu vikaniuma. Tatizo si aina ya muziki.

Nendeni Unguja mwezi wa pili mkaone tamasha la Sauti za Busara. Wameanza 2004, na sharti lao linajulikana: unapiga laivu. Humo wanapita watu wa kila aina kutoka Afrika nzima, taarab inapata nafasi yake, na ukiwa umesimama pale uwanjani kwao Ngome Kongwe hujiulizi uko tamasha gani. Mwaka 2016 walikosa fedha, halikufanyika kabisa. 2017 wakarudi, ni lilelile. Kwa hiyo msiniambie habari za bajeti ngumu. Kumwambia msanii "hapa CD haipigwi" kunagharimu shilingi ngapi? Kuwapa wazee saa tatu usiku badala ya kumi na nusu ni pesa ya nani?

Kamati mmo humu, najua mnasoma. Ratiba aliipanga nani, nyie au mdhamini?

NYONGEZA: Kuna mkuu kaniuliza PM kama kikundi chenyewe kililalamika. Saa nne nilitoka nje kutafuta maji, nikamkuta yule mzee kituo cha bajaji, ganuni kaifunga kwenye shuka kaipakata kama mtoto. Nikampa shikamoo, nikamuuliza mbona hajaondoka. Akasema wameambiwa wasubiri, nauli zao zinaletwa. Tangu saa kumi na moja.