Ujerumani: Ausbildung, Chancenkarte au cheti kitambuliwe kwanza?

Fundi_Waya (mleta mada)

Habari wakuu. Nina stashahada ya ufundi umeme ya miaka mitatu, chuo kimesajiliwa NACTVET, baraza la elimu ya ufundi Tanzania. Umri 28, miaka mitatu niko saiti. Kijerumani nina A2 (ngazi za lugha ni A1, A2, B1, B2, C1, C2, kutoka chini kwenda juu) na naendelea na darasa. Nataka kwenda Ujerumani kihalali, siyo kuzamia. Kila ninayemuuliza ana njia yake. Mmoja anasema omba Ausbildung, uanze upya kama mwanagenzi. Mwingine anasema Chancenkarte, ukatafute kazi ukiwa huko huko. Wa tatu anasema tulia, cheti kitambuliwe kwanza ndipo utafute mwajiri. Akiba ninayo lakini siyo ya kutisha. Kwa mtu kama mimi, ipi ina nafuu? Naomba hoja, siyo "njoo inboksi".

Mama_Leipzig

Mimi nilipita Ausbildung ya uuguzi, nitasema ninachokijua. Uzuri wake ni kwamba unalipwa tangu mwezi wa kwanza, na ukimaliza unashika cheti cha Kijerumani ambacho mwajiri wa huku hakihoji. Ukishapata kazi ya fani yako, baada ya miaka 2 unaweza kuomba ukaazi wa kudumu.

Ubaya ni muda. Uuguzi ni miaka 3, na wewe ukiomba Elektroniker, yaani fundi umeme, ni miaka 3 na nusu. Kuna siku uko kazini na kuna siku uko Berufsschule, shule ya ufundi, na mwalimu hamsubiri mgeni atafute neno kwenye simu. Kwa viza B1 ndiyo kawaida, lakini darasani B1 inakufikisha mlangoni tu.

Posho nazo hazifanani. Hospitali zinazofuata mkataba wa sekta ya umma hutoa zaidi ya euro 1,300 kabla ya makato mwaka wa kwanza. Kwenye ufundi, kima cha chini cha kisheria kwa walioanza 2025 kilikuwa euro 682. Hiyo haikutoshi kodi na chakula, kwa hiyo ubalozi utataka uonyeshe fedha ya kujazia. Unaruhusiwa kazi ya ziada hadi saa 20 kwa wiki, ila jiulize utazifanya saa ngapi.

Hesabu_Kwanza

Chancenkarte ilianza tarehe 1 Juni 2024 na wengi wanaisifia bila kuisoma. Ngoja tumpigie mleta mada hesabu.

Sharti la kwanza ni mafunzo ya angalau miaka 2, au shahada, yanayotambuliwa na serikali ya nchi ulikosomea. Hilo unalo, ingawa ZAB, ofisi yao ya kukagua vyeti vya nje, ndiyo italithibitisha. La pili ni lugha: Kijerumani A1 au Kiingereza B2. Hilo nalo unalo.

Sasa pointi, zinatakiwa 6. Umri usiozidi 35: pointi 2. Uzoefu wa miaka 2 ndani ya mitano iliyopita, kwenye fani uliyosomea: pointi 2. Kijerumani A2: pointi 1. Jumla 5. Umekwama. Ukipata B1 inakuwa 2, unafika 6 kamili.

Halafu fedha. Kwa 2025 ilitakiwa uonyeshe euro 1,091 kwa kila mwezi utakaokaa, yaani euro 13,092 kwa mwaka. Zinakaa kwenye akaunti iliyofungwa, Sperrkonto, na unaachiwa kidogo kidogo kila mwezi. Ni zako, hazipotei, lakini lazima uwe nazo kabla hujapanda ndege. Mkazi wa Ujerumani anaweza kukudhamini kwa maandishi badala yake, ila kumbuka serikali inaweza kumdai yeye gharama zako. Si jambo la kumwomba mtu mliyejuana Facebook.

Unapewa hadi mwaka mmoja. Unaruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki, na kazi ya majaribio hadi wiki 2 kwa mwajiri. Mwaka ukiisha hujapata kazi ya maana, unarudi na akiba imeliwa. Kwa mwenye akiba "siyo ya kutisha", mimi naiona kamari.

Pwani_Hadi_Berlin

Wenzetu Kenya walishasaini makubaliano ya kazi na Ujerumani, nafasi 250,000. Sisi tunahesabu pointi.

Hesabu_Kwanza

Mkuu, hiyo namba ilikanushwa na wizara ya mambo ya ndani ya Ujerumani yenyewe. Makubaliano yalisainiwa kweli Septemba 2024, lakini hayana idadi ya watu ndani yake. Mkenya naye anakidhi masharti yale yale.

Mjomba_Bremen

Kijana, nimekaa huku muda mrefu na nafanya kazi na mafundi. Wanaokwambia uanze Ausbildung wanakupotezea miaka uliyokwisha kusoma. Ausbildung ni ya aliyemaliza shule hana ufundi, au anayetaka kubadili fani. Wewe ufundi unao. Tatizo lako ni karatasi na ulimi.

Peleka maombi ya kulinganisha cheti. Kwa ufundi kama wako anayeshughulikia ni chemba ya mafundi, Handwerkskammer, kwa kifupi HWK. Unatuma cheti, orodha ya masomo na barua za kazi, vyote vimetafsiriwa na mfasiri anayekubalika. Majibu huwa matatu: sawa kabisa, sawa kwa sehemu, au hapana. Vyeti vya kwetu mara nyingi hurudi "kwa sehemu", na hapo watu wengi huvunjika moyo. Msivunjike! Barua hiyo inaorodhesha kipi kimepungua, na kwenye Chancenkarte "kwa sehemu" pekee ina pointi 4. Rudi kwenye hesabu ya mwenzangu hapo juu uone mleta mada anafika wapi, hata kwa A2 yake.

Kuna mlango mwingine ambao hakuna aliyeutaja. Tangu Machi 2024 kuna Anerkennungspartnerschaft. Unapata mwajiri kwanza, mnaandikiana mkataba wa kazi na makubaliano kwamba mchakato wa kutambua cheti mtaufanya ukiwa tayari huku, unalipwa. Lugha wanayotaka ni A2. Muda unaweza kufika miaka 3. Huhitaji Sperrkonto kama mshahara unatosha. Ugumu ni kumpata huyo mwajiri, kwa sababu anabeba mzigo. Kampuni ndogo za umeme zina shida kubwa ya mafundi lakini hazina mtu wa kushughulika na karatasi. Ukimwandikia, mweleze na utaratibu wa haraka wa ofisi ya wageni: ada ni euro 411, anaufungua yeye.

Mama_Leipzig

Mjomba, hapo nakuunga mkono nusu. A2 ni ya viza. Juu ya ngazi, bosi anapiga kelele "Sicherung raus!" (toa fyuzi!) na wewe unafikiria maana yake, hiyo ni hatari kwa fundi umeme kuliko kwa mtu wa ofisini. Asiende na A2 hata kama sheria inamruhusu.

Mjomba_Bremen

Hapo umesema kweli, dada. Sina ubishi.

Fundi_Waya

Nashukuru sana wakuu. Nichomekee jambo. Kuna dalali amenitumia picha ya mkataba wa Ausbildung, Elektroniker. Unasema miaka 2, posho euro 520 mwaka wa kwanza, kipindi cha majaribio miezi 6. Anataka milioni tatu za "kufungua faili", na anasema nafasi inafungwa Ijumaa.

Hesabu_Kwanza

Usitume hata mia. Mkataba umejikamatisha wenyewe. Elektroniker haisomwi miaka 2. Euro 520 iko chini ya kima cha kisheria, na kwenda chini yake kunahitaji makubaliano ya pamoja na chama cha wafanyakazi, ambayo lazima yatajwe. Majaribio kwa Ausbildung ya ufundi ni mwezi 1 hadi 4, sheria hairuhusu 6. Tena mkataba wa ufundi husajiliwa HWK. Uliza namba ya chemba, piga mwenyewe kwa namba uliyoitoa kwenye tovuti yao, siyo aliyokupa yeye. Ada halali ya viza ya muda mrefu ni euro 75, unalipa ubalozini.

Pwani_Hadi_Berlin

Wapigaji wanapenda sana Ijumaa.

Fundi_Waya

Nimemuuliza chemba gani, amenibloku.

Basi naelekea hivi: B1 kwanza, huku nakusanya karatasi za HWK, na naanza kuwaandikia waajiri. Chancenkarte ibaki akiba. Swali la mwisho: nikifika, kitu gani huwa kinawakwamisha watu wiki za mwanzo?

Mjomba_Bremen

Anwani. Ndani ya wiki 2 tangu uhamie unatakiwa ujiandikishe makazi, na lazima uwe na barua iliyosainiwa na anayekupangisha. Vyumba vingi vya muda mfupi hawatoi. Bila usajili huo namba ya kodi inachelewa, na wewe unaweza kukatwa kodi ya daraja la juu hadi ifike. Muulize mwenye nyumba kabla hujalipa.

Na kwenye fomu hiyo kuna sehemu ya dini. Ukiandika Mkatoliki au Mlutheri, unaanza kukatwa kodi ya kanisa, asilimia 8 au 9 ya kodi yako ya mapato kulingana na jimbo. Sikuambii uikane imani yako. Nakwambia ujue unachosaini.

Mama_Leipzig

Kuhusu B1: mtihani wa Goethe una moduli nne, kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza. Ukianguka moja unairudia hiyo hiyo tu, siyo zote. Kwa hiyo jisajili Dar mapema, usingoje ujione umeiva kila upande. Wengi huangushwa na kusikiliza, weka redio ya Kijerumani ukiwa kazini.