MREJESHO: Yule paka wangu mweupe mwenye kidonda sikioni

Wakuu salama? Niliuliza kuhusu paka wangu mweupe, ana kidonda kwenye ncha ya sikio, kinakauka, gamba likibanduka damu tena, na wengi mkasema fangasi. Basi vet alikata kipande kidogo kikaenda maabara, majibu yamekuja ni kansa ya ngozi, ile inayoletwa na jua. Paka weupe ndo inawapata sana, maana masikio na pua havina rangi ya kuwakinga na manyoya ya pale ni machache, na huyu wangu kwa jua hili la Dar alikuwa anashinda juu ya ukuta kutwa nzima jamani.

Nashukuru Mungu imewahiwa. Kakatwa ncha ya sikio pamoja na nyama kidogo ya pembeni isiyo na ugonjwa, nyuzi zimeshatolewa, anasikia vizuri tu, ukifungua friji huyo hapo. Saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni namfungia ndani. Sanskrini (mafuta ya kukinga jua) za watu msiwapake paka, nyingi zina zinki na wao wanajilamba, inawadhuru. Na ile oili chafu ya gari mliyonishauri, nawaomba sana msimpake mnyama yeyote.