Mnaotupa vijipaka getini usiku: banda la wanyama si jaa!

Waungwana, asalaam aleikum. Mods naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa kuuza sungura na kuku wa kisasa, haya ni mengine. Povu ruksa, ila someni mpaka mwisho kwanza, maana nawajua.

Mie ni mmoja wa tunaojitolea kwenye banda moja la kuhifadhi wanyama wasio na wenyewe hapa Unguja. Jina la banda silitaji wala pahala sipataji, kwa sababu kila tukitajwa pahala, kesho yake alfajiri getini pana boksi. Na hilo ndilo hasa lililonileta.

Juzi tena. Mvua ya masika inamwagika, mtu kaja usiku kaacha kiroba cha unga kimefungwa kwa kamba, fundo juu ya fundo, kama vile anaogopa wasije wakatoka wakamfuata. Ndani vijipaka vitano, macho bado hayajafumbuka, vitovu havijakauka sawasawa. Kimoja kimeshakufa na vingine vimekilalia juu kutafuta joto. Mlinzi anasema alisikia vespa tu, alipotoka hakuna mtu.

Sasa sijui kama mnaelewa kazi ya kulea mtoto wa paka wa umri ule. Hajui hata kukojoa. Mama yake ndiye humlamba chini ndipo mkojo utoke. Mama akiwa hayupo, anatafutwa binadamu akae na pamba na maji ya vuguvugu, ampanguse taratibu mpaka akojoe, kisha amlishe kwa bomba la sindano tone kwa tone, asije akapaliwa maziwa yakaingia mapafuni. Akimaliza wa mwisho, saa mbili tatu zimepita, anaanza tena na wa kwanza. Usiku na mchana. Na tafadhali msituletee pakiti ya maziwa ya ng'ombe mkadhani mmesaidia. Yanawaharisha, na kitu kidogo kama kile kikiharisha hakichukui muda, maji yanakwisha mwilini kinakufa. Maziwa yao maalumu ni ya kuagizia na bei yake usiulize. Wale wanne waliokuwa hai, mpaka naandika hivi wamebaki wawili.

Wewe wa vespa, nakuuliza jambo moja tu: mama yao yuko wapi? Maana huyo ndiye niliyemtaka mie! Ungemleta mama na wanawe, tungemwekea boksi na kanga kuukuu pembeni, angewanyonyesha mwenyewe, sisi kazi yetu kumpa vichwa vya samaki. Wiki ya nane wanaachishwa, mama anafungwa kizazi, anarudi kwako kukamata panya wako. Ulichofanya wewe ni kubakiza kiwanda nyumbani ukatuletea bidhaa. Paka jike hubeba mimba miezi miwili na siku chache tu, na anaweza kushika nyingine huku ananyonyesha. Aliyenyang'anywa watoto ndiye anayerudi kutaka dume haraka zaidi. Na wale majike wadogo waliobaki uani kwako, wakifika miezi minne mitano nao wanaanza. Kwa hivyo tutaonana tena, mie na wewe na vespa yako.

Jibu lenu nalijua, nimeshaambiwa sana barazani: "Kumfunga mnyama kizazi ni dhambi, ni kubadilisha umbile la Mungu." Haya. Yule ng'ombe wa gari anayekuletea mchanga na matofali ya kujengea, ulishamtazama vizuri? Maksai wale, wote. Wamehasiwa. Sijawahi kumsikia mtu Fuoni wala Mwanakwerekwe akirudisha gari la mchanga kwa sababu aliyelivuta kahasiwa. Mie si shekhe, anayetaka fatwa akawaulize wenye elimu yao, lakini asije kwangu na dhambi inayomruka ng'ombe ikamwangukia paka.

Tuje kwenye kuchukua. Banda limewekwa ili mnyama apite: anaingia, anatibiwa minyoo na upele, anachanjwa, anafungwa kizazi, anapata mtu wa kumlea, anatoka, nafasi yake anaingia mwingine. Wasipotoka hakuna wa kuingia, hesabu nyepesi tu. Hapa kwetu mlango wa kuingilia haufungwi na wa kutokea umeota kutu. Kila anayenipigia simu anataka nimwondolee. "Njooni muwachukue, msipokuja leo nawatia kwenye gari la taka." Ujumbe wa sauti kabisa, mtu mzima, na watoto wanasikika nyuma wanalia wasichukuliwe paka wao. Hajatokea hata mmoja aliyesema: chukueni watatu, mie nabaki na mmoja.

Na wachache wanaokuja kuchukua, mashallah, wanataka mweupe. Manyoya marefu, macho ya buluu, "paka wa kizungu". (Kwa taarifa yenu, weupe wa macho ya buluu wengi wao ni viziwi. Mtamwita mpaka mkauke koo.) Hawa wetu wa mabaka mabaka, waliozaliwa chini ya meza za samaki Malindi na Darajani, wenye akili za kuvuka barabara kuliko madereva wa daladala, hao hawaangaliwi. Mweusi ndiyo usiseme. Tunaye jike mmoja mweusi, jicho moja lilipotea kwa maradhi kabla hajatufikia, mpole, hapigani, hasogezi kucha hata akitiwa dawa, na panya waliokuwa wakitutobolea magunia amewamaliza yeye. Watu wanapita mbele yake wanasoma auudhu, dua ya kujikinga na shetani. Mwanamke mmoja, mtu wa heshima zake, aliniambia huyu si paka. Nikamuuliza basi ni nani, maana jini gani hilo linalolala juu ya gunia la dagaa halifungui.

Kuna na wale wa picha. Anakuja na watoto, wanachagua, picha kumi, status zimejaa, "karibu nyumbani kipenzi". Mwezi haujaisha: anakwaruza makochi, anakojoa kwenye zulia, mtoto anapiga chafya. Wanaomrudisha mlango wazi nawaheshimu, angalau wamemrudisha. Wengine ndio tunamkuta paka wetu mwenyewe Forodhani usiku, sikio lile lile lililokatwa ncha kuonyesha kwamba ameshafungwa kizazi, anawakodolea macho wala pweza. Ukiwapigia, simu haipokewi.

Ndiyo maana tunauliza maswali kabla ya kumtoa mnyama. Unaishi ghorofa ya ngapi, dirisha lina nondo au liko wazi, mtamwachia nani mkienda shamba sikukuu. Mnakasirika: "Mbona maswali mengi, kwani naposa?" Basi jichukulieni kuwa mnaposa. Na mnyama ni bure, tena ameshachanjwa, sijui ni nani aliyeeneza kwamba tunauza.

Sasa mbwa. Hapa najua nusu yenu mtafunga uzi. Mbwa ni najisi, naam, mie pia ni Shafii kama nyinyi na nimesomeshwa chuo cha Qur'ani kama nyinyi: mate yake yakigusa chombo kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Nafanya hivyo, na nguo za banda ninazo mbali na za kuswalia. Lakini hiyo kuoshwa mara saba imekuwaje mkaifasiri kuwa ni kumvunja mguu kwa jiwe? Hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani akamtekea maji mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake, akasamehewa dhambi zake, mnaisikia kila Ramadhani na mnasema subhanallah. Mkitoka msikitini, mtoto ana jiwe mkononi na hakuna anayemkanya. Wasasi wetu wa shamba wanaofukuza nguruwe mwitu wanakaa na mbwa umri wao wote, na swala haiwapiti.

Halafu inakuja ile ya "wauawe tu, wataleta kichaa cha mbwa". Hili linaniudhi kuliko yote kwa sababu jawabu lipo hapa hapa, tena Pemba. Pemba walikuwa na kichaa cha mbwa, watu wakifa. Wakachanja mbwa kisiwa kizima kila mwaka, ugonjwa ukakatika kabisa, mwaka 2014. Chanjo ikalegea. Mwishoni mwa 2016 ugonjwa ukarudi kutoka nje ya kisiwa, ukawakuta mbwa hawana kinga. Wakaanza tena kuchanja kisiwa kizima, na Oktoba 2018 ukakatika mara ya pili. Yaani kitu kile kile kimefanya kazi mara mbili mbele ya macho yetu, na katikati tumeonyeshwa kitatokea nini tukikiacha. Shirika la Afya Duniani linataka mbwa 70 katika kila 100 wawe wamechanjwa. Ukimuua mbwa wa mtaa aliyechanjwa umeua kinga yako mwenyewe, na mabaki ya chakula yaliyokuwa yakimlisha yanamkaribisha mwingine ambaye hajachanjwa. Sheha, yaani mkuu wa mtaa, anayekataa kututengea uwanja wa skuli asubuhi moja tu kwa ajili ya chanjo, kisha wiki ya pili anatafuta wenye bunduki, sijui anahesabu vipi. (Na ukiumwa na mbwa au paka usipake kitunguu wala mafuta ya taa: osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo ukachomwe sindano, hata kama ni mkwaruzo.)

Mahoteli ya pwani mna lenu. Msimu wa wageni mbwa na paka wanapendeza, wanalishwa pembeni ya meza, wanapigwa picha na machweo. Ikifika Aprili mnafunga, wafanyakazi mnawapa likizo bila malipo, na mnyama aliyezoea kula samaki wa kuchoma anabaki ufukweni mtupu mpaka Juni. Wengine wana mimba. Wanaingia vijijini kuiba kuku, wanakijiji wanatia sumu, na lawama inakuja kwetu kwamba "mbwa wenu". Mbwa wetu? Mliwalisha nyinyi! Hoteli inayoweza kulipia mapambo ya maua kila meza haishindwi kumlipa dokta wa mifugo siku mbili kabla ya kufunga awahasi wote walioko pale.

Wageni wenyewe nao, Mungu awahidi. Anamwokota mtoto wa mbwa ufukweni Paje, anamlaza chumbani wiki mbili, anampa jina, analia, anatuletea: "Mtunzeni, naja kumchukua." Hajauliza chochote. Ili mnyama atoke Tanzania aingie nchi za Umoja wa Ulaya, anatiwa chipu chini ya ngozi, kisha anachomwa chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo haitolewi kabla ya wiki 12. Zinapita siku 30 ndipo anatolewa damu ipimwe kwenye maabara wanayoikubali wao, na tangu siku ya kutoa damu mnasubiri miezi 3. Kwa hivyo yule wa Paje hawezi kukanyaga Roma wala Berlin kabla ya kutimiza miezi saba hivi, na kote huko anakula, tena anakua. Wapo waliotimiza ahadi, nawapigia saluti, waligharamia kila kitu. Wengi wameacha kujibu ujumbe kabla hata damu haijatolewa. Tumebaki na majibwa makubwa yenye majina ya Kitaliana yasiyojua hata Kiswahili, na hakuna wa kuyachukua kwa sababu ni mbwa na tuko Zanzibar. Wenye mashamba huko Kusini, wenye magodauni, wenye viwanja vinavyoibiwa nondo kila usiku: mlinzi aliyechanjwa na kuhasiwa yupo, bure. Mnakwenda kununua mbwa bara kwa pesa nyingi mnampitisha baharini, tena wengine hata chanjo hawana, kama vile ya Pemba hamkuyasikia.

Naona wa kwanza kuchangia ataandika "Mola akulipeni kheri". Amin, na thawabu nazihitaji. Ila wa mwezi uliopita walioandika hivyo kwenye kundi la mtaa ndio waliotuachia maboksi mawili ya wanyama getini Alhamisi, namba zao ninazo.

Walioko sasa: yule jike mweusi, madume wawili wa mabaka wanaopatana wasitenganishwe, jike wa kijivu mwenye mkia mfupi, na mbwa wanne wakubwa. Kwa mbwa, mwenye uwa uliozungushwa ukuta au uzio. Anayemtaka mmoja wao aje PM nimwelekeze. Aje mchana, baada ya adhuhuri kabla ya alasiri, na kikapu chenye mfuniko au tenga. Mwenye kupanga alete na neno la mwenye nyumba, kwa simu inatosha, maana wengi wanaorudishwa ni mwenye nyumba aliyekataa. Na mwenye paka jike uani ambaye hajafungwa kizazi, dokta anakuja Jumamosi, asiwe amekula tangu usiku.