Ufaransa, Urusi au Ureno: wapi wananchi wenyewe ndo walimng'oa mfalme?

mwl_zamu
Wakuu habari za jioni. Nina mdahalo wa kidato cha sita, mada ni mapinduzi ya umma yaliyoangusha ufalme Ulaya, na vijana wameshagawana mafungu matatu: Ufaransa 1789 hadi 1792, Urusi Februari 1917 na Ureno 1910. Swali ni moja tu, nani hasa alimtoa mfalme, raia wa kawaida au wakubwa waliojificha nyuma yao? Mi naegemea Ufaransa ila nataka kusikia kwenu kwanza.

Kibarazani
Urusi mkuu, wala usihangaike. Walioanza ni kina mama wa viwanda vya nguo mtaa wa Vyborg pale Petrograd, mji mkuu wa Urusi enzi hizo, Februari 23 kwa kalenda yao ya zamani (sisi tungesema Machi 8), wamechoka kupanga foleni ya mkate kwenye baridi ile, wakatoka wakaenda kuwagongea wanaume viwanda vya jirani nao watoke. Hakuna chama kilichowatuma, hata wanamapinduzi wenyewe walishtukizwa, Lenin, kiongozi wa chama cha Wabolshevik, yupo zake Uswisi. Siku saba baadaye mfalme Nicholas II anasaini kujiuzulu ndani ya treni Pskov, na ukoo wa Romanov ulikuwa umekaa toka 1613!

bin_Saidi
Kibarazani umeruka kitu hapo. Waliomwambia Nicholas aondoke ni majenerali wake, walimpigia simu za maandishi toka pande zote za vita wakamwambia baba, kwa usalama wa nchi achia. Sasa hao ndo wananchi?

Kibarazani
@bin_Saidi majenerali walisema vile kwa sababu mji ulishaponyoka mikononi mwao. Angalia kikosi cha Volynsky, tarehe 26 kiliamriwa kupiga risasi umati na kikapiga kweli, watu wakafa. Usiku ule askari wakakaa bwenini wakajadiliana, asubuhi ya 27 sajenti Kirpichnikov na wenzake wakagoma kutoka, kamanda wao akapigwa risasi palepale uwanjani, wakabeba silaha wakaenda kushawishi vikosi vingine. Askari wa 1917 ni nani kwani, si mtoto wa mkulima aliyevishwa magwanda tu?

Dada_Mchambuzi
Mwalimu vijana wako wa Ufaransa wasiing'ang'anie Bastille, ile ngome ya gereza Paris iliyovamiwa Julai 1789. Mle ndani walikutwa wafungwa 7 tu, na mfalme alibaki kwenye kiti miaka mitatu mizima baada ya hapo. Siku yenyewe ni Agosti 10, 1792, mafundi na wachuuzi wa Paris pamoja na wapiganaji waliotembea kwa miguu toka Marseille wakavamia ikulu ya Tuileries, walinzi wa Kiswisi wakauawa kwa mamia, mfalme Louis XVI akakimbilia bungeni na familia yake. Septemba 21 ufalme ukafutwa. Bunge lenyewe lilikuwa linasuasua, lilisukumwa na mtaa. Kwa hiyo kura yangu Ufaransa, ila kwa 1792 sio 1789.

Pwani_Huru
Mbona Ureno mnaipita kama kituo cha daladala? Na ndo iliyo karibu na sisi kuliko zote, hasira dhidi ya ufalme ilipamba moto 1890 baada ya Uingereza kuwatishia Wareno waondoe majeshi yao kwenye eneo walilolitaka katikati ya Angola na Msumbiji, mfalme akanywea, watu wakaona aibu. 1908 mfalme Carlos na mrithi wake wakauawa kwa risasi barabarani Lisbon. Oktoba 4, 1910 maofisa wa upande wa waasi waliona mambo yameharibika wakaondoka pale Rotunda, kambi ya waasi mjini Lisbon, akabaki ofisa mmoja wa jeshi la majini, Machado Santos, na askari wa chini na raia wenye bunduki. Kesho yake mwanadiplomasia wa Ujerumani akatokea na bendera nyeupe kuomba mapigano yasimame wageni waondoke, watu wakadhani serikali imesalimu amri, wakafurika barabarani wakachanganyika na wanajeshi, basi ikawa imeisha. Manuel II, kijana wa miaka 20, akapandia boti ufukwe wa Ericeira.

bin_Saidi
Kisa kitamu ila hiyo ni Lisbon tu, vijijini walipelekewa habari. Na makoloni yakabaki makoloni, Msumbiji haikuonja hiyo jamhuri.

mwl_zamu
Asanteni, nimepata pa kuwabana. Naongeza kigezo cha pili: baada ya mfalme kutoka, nani aliruhusiwa kupiga kura?

Dada_Mchambuzi
Hapo Ureno inakufa mapema. Sheria yao ya 1913 iliwapa kura wanaume wanaojua kusoma na kuandika, wakati Wareno wengi hawakujua. Ufaransa 1792 walipanua sana kwa wanaume, wanawake wakaachwa, wakati ndo waliotembea mpaka Versailles Oktoba 1789 kumrudisha mfalme Paris. Urusi wanawake walipiga kura Novemba 1917 kuchagua bunge la katiba.

Kibarazani
Na bunge hilo Wabolshevik wakalifunga Januari 1918 baada ya kikao kimoja. Fungu la Urusi wajiandae, swali hilo litakuja tu.