Mdogo wangu kavunjika mguu ajali ya basi, wanataka asaini alipwe laki tano. Naombeni ushauri

Kaka wa Fundi:
Habari zenu wakuu. Mdogo wangu wa kike alikuwa anatoka Dodoma kuja Dar. Walipoipita Gairo, usiku, basi likaparamia lori bovu lililoachwa barabarani bila hata matawi ya miti ya kutahadharisha. Alikaa dirishani, upande uliobonyea. Paja limevunjika, kawekewa chuma. Ni fundi cherehani, na mguu huo ndio anaokanyagia mashine.

Jana kaja wodini mtu anayesema katumwa na mwenye basi. Kaleta bahasha ya laki tano na karatasi iliyochapwa kwamba mgonjwa amepokea "malipo kamili na ya mwisho" na hatadai popote. Anadai kosa ni la lori, kwa hiyo hizo hela ni huruma tu. Bili ya hospitali imeshazipita. Nimemwambia mdogo wangu asisaini chochote. Tufanyeje?

Mama Tumaini:
Pole sana mwanangu, mpe pole na mgonjwa. Umefanya vizuri kumzuia. Hawa watu huja mapema makusudi, mgonjwa akiwa na maumivu na ndugu wanahangaikia hela ya dawa. Akishasaini hiyo karatasi, kuipangua mahakamani ni kazi nzito.

Mzee wa Madai:
Nimefanya kazi ya madai ya bima miaka mingi, nisikilize.

Hilo la "kosa ni la lori" lisikutie hofu. Abiria hakushika usukani. Mnaweza kuwadai wote wawili, mwenye basi na mwenye lori, na mahakama ndiyo itakayogawa nani abebe kiasi gani. Na mwenye chombo huwajibika kwa uzembe wa dereva wake aliyekuwa kazini, hawezi kukwambia kamtafute dereva.

Kwa Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, gari haliruhusiwi kuwa barabarani bila bima ya kulinda watu wengine, na kwa basi la biashara bima hiyo inamgusa abiria aliyelipa nauli. Chukua namba za magari yote mawili, ingia TIRA MIS, mfumo wa mtandaoni wa TIRA, yaani mamlaka inayosimamia bima, utaona bima ni ya kampuni gani na ilikuwa hai siku ya ajali au la. Kisha wapelekee barua ya madai, wakugongee muhuri wa kupokea kwenye nakala yako.

Polisi fuatilia fomu zao: PF3 ya matibabu iliyojazwa na daktari, PF 90 ya taarifa ya ajali, PF 93 ya ukaguzi wa gari, na ramani ya ajali. Bila hizo utazungushwa.

Tandale Moja:
Mkuu, si usubiri tu kesi ya trafiki iishe? Dereva akipatikana na hatia watalipwa.

Mzee wa Madai:
Hapana ndugu yangu, hapo ndipo wengi wanapopotezea haki. Faini ya kesi ya trafiki inakwenda serikalini, majeruhi hapati kitu. Hukumu ile inawasaidia kama ushahidi, lakini fidia inadaiwa kwa madai yake yenyewe, na ukomo wake ni miaka 3 tangu ajali. Watu wanasubiri dereva ahukumiwe, wanapigwa danadana na bima, muda unakwisha.

Mwanakwetu:
Naongezea upande wa hesabu. Dawa, vipimo, magongo, bodaboda na teksi za kwenda kliniki, vyote hivyo mahakama inataka risiti. Maumivu na ulemavu havina risiti, hakimu anakadiria mwenyewe akiangalia ripoti ya daktari. Kwa hiyo muombeni daktari aandike asilimia ya ulemavu mguu ukishatulia, msikimbilie kukubali kiasi kabla ya hapo. Daftari lake la wateja wa kushona litunzeni pia, ndilo litaonyesha alikuwa anaingiza nini.

Muulizeni pia kama safari ilikuwa ya kikazi. Aliyeajiriwa akiumia akiwa kazini ana haki WCF, ule Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi.

Kaka wa Fundi:
Asanteni sana, Mungu awabariki. Amejiajiri, alikwenda msibani. Bahasha nimemrudishia mwenyewe mbele ya nesi. Maswali mawili: tiketi ilipotea kwenye ajali, na hela ya wakili hatuna.

Mzee wa Madai:
Tiketi isikusumbue. Kama ilikatwa kwa mtandao, jina lipo kwenye mfumo. Ujumbe wa malipo kwenye simu unafaa, na polisi wana orodha ya majeruhi. Bima wakigoma au wakikaa kimya, pelekeni malalamiko TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, huko hamhitaji wakili.

Mama Tumaini:
Kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 kwa wasio na uwezo. Nenda ustawi wa jamii halmashauri yenu, uliza watoa msaada waliosajiliwa. Na jihadhari na vishoka wanaozunguka wodini wakiahidi kufuatilia madai. Usimpe mtu PF3 halisi, mpe nakala.

Kaka wa Fundi:
Nimekuelewa mama. Kesho asubuhi naanzia polisi.