Lindvik na suti ya Trondheim: hivi miezi mitatu ilitosha?

Wadau wa michezo, naomba tulijadili hili bila ushabiki. Marius Lindvik wa Norway, bingwa wa Olimpiki wa kuruka kwa skii, alivaa suti iliyochezewa kwenye mashindano ya dunia ya Trondheim, Machi 2025. Akafungiwa miezi mitatu. Mimi naona adhabu ile ilikuwa ndogo mno. Alistahili kukaa nje msimu mzima wa baridi uliofuata. Ila nawapinga pia wanaotaka avuliwe dhahabu aliyoshinda siku sita kabla ya tukio lenyewe.

Kwa asiyeufuatilia mchezo huu: mrukaji huteremka kwenye njia ya barafu hadi kasi ya kilomita 90 hivi kwa saa, hujirusha ukingoni, kisha huelea akiwa ameinama juu ya skii zake. Hapo suti ndiyo tanga lake. Ikipwaya kidogo, au kitambaa kikikaza mahali ambapo kingelegea, hewa inambeba mbali zaidi, na mita moja mbili zinatosha kugeuza rangi ya medali. Ndiyo maana shirikisho la kimataifa, FIS, hupima suti hizi kwa sentimita. Trondheim suti zilizokwisha kukaguliwa ziliwekewa chipu ili zisiguswe tena.

Wanorway wakazigusa. Usiku, kabla ya shindano la kilima kikubwa (mrukaji hufika mbali zaidi kuliko kwenye kilima cha kawaida) la Machi 8, watu wa benchi la ufundi walitia uzi mgumu kwenye mshono wa suti zenye chipu. Kuna mtu aliwarekodi kwa siri, video ikasambaa, na Austria, Slovenia na Poland wakawasilisha malalamiko. Wakaguzi walilazimika kuufumua mshono ili waone kilichomo. Lindvik, aliyekuwa amemaliza wa pili, na mwenzake Johann André Forfang, wa tano, wakaondolewa kwenye matokeo. Kocha mkuu Magnus Brevig alikiri baadaye. Na haya yote wakiwa wenyeji, mbele ya watu wao.

Sasa tuzungumzie mvaaji ni nani. Lindvik si kijana wa kubahatisha. Januari 2020, akiwa na miaka 21, alishinda Garmisch-Partenkirchen na Innsbruck ndani ya siku nne, akamaliza wa pili kwa jumla nyuma ya Dawid Kubacki wa Poland katika Mashindano ya Vilima Vinne, mfululizo wa mashindano manne ya kila mwaka Ujerumani na Austria. Februari 2022 alimpita Ryoyu Kobayashi wa Japani na kuchukua dhahabu ya Olimpiki ya Beijing kwenye kilima kikubwa, taji ambalo Norway haikuwa imelipata tangu Toralf Engan mwaka 1964. Mwezi uliofuata akawa bingwa wa dunia wa miruko mirefu kule Vikersund, ambako watu hupita mita 200. Suti ni kifaa chake cha kazi, anakijua.

FIS ilisema, Agosti 2025, kwamba Lindvik na Forfang hawakujua hila ile, lakini walipaswa kuuliza na kukagua suti zilizorekebishwa usiku. Nakubali kwamba hawakujua. Sikubali kwamba kutojua kunampunguzia bingwa wa Olimpiki mzigo kiasi hicho. Msimu wa baridi ulipoanza Novemba mlango ulikuwa wazi kwake, pamoja na ule wa Olimpiki ya 2026.

Tukumbuke Beijing, Februari 7, 2022, shindano la timu mchanganyiko, wanaume na wanawake pamoja. Wanawake watano waliondolewa siku moja kwa sababu ya suti: Sara Takanashi wa Japani, Daniela Iraschko-Stolz wa Austria, Katharina Althaus wa Ujerumani, na Wanorway wawili, Anna Odine Strøm na Silje Opseth. Hakuna aliyewaambia wamefanya njama. Ilikuwa suala la vipimo tu, na bado ndoto za timu nne zikazama. Takanashi aliomba radhi hadharani kana kwamba ameiba. Mchezo usiokubali utetezi wa dada hawa kwa sentimita chache unawezaje kuwa mpole hivi pale ambapo udanganyifu umethibitishwa?

Nasi Afrika Mashariki tunaijua kanuni hii vizuri. Mkimbiaji wa Kenya akikutwa na dawa iliyokatazwa mwilini, sheria inamwambia wazi kwamba kinachoingia mwilini mwake ni jukumu lake, hata kama anasema sindano alipigwa na daktari. Wapo waliokaa nje miaka, riziki ikaisha. Suti inayompeleka mtu jukwaani isiwe na sheria laini zaidi.

Najua jibu la upande wa pili, na lina uzito: mchezaji hupewa suti na timu, hana muda wa kufumua mishono kabla ya kuruka, na kumpinga kocha kunaweza kukugharimu nafasi. Brevig na wenzake wawili walipigwa miezi 18 na FIS, kwa hiyo wenye hatia wakubwa wameguswa. Hoja hiyo ningeikubali kwa chipukizi wa miaka 18. Lindvik alikuwa na miaka 26 na dhahabu ya Olimpiki nyumbani. Kama yeye hawezi kumuuliza kocha wake suti imefanywa nini usiku, kwenye timu ile nani angeweza?

Kuhusu dhahabu ya kilima cha kawaida, Machi 2, iliyomwacha Andreas Wellinger wa Ujerumani na fedha: hapo nasimama na Lindvik. Suti ya siku ile ilipita ukaguzi, na sijaona ushahidi kwamba mshono wake uliguswa. Shaka ninayo, siifichi, maana benchi lililodanganya Machi 8 ni lilelile la siku sita nyuma. Ila shaka yangu haiwezi kumvua mtu ubingwa. Anayesema avuliwe atuonyeshe kilichopatikana kwenye suti ile, na anayesema miezi mitatu ilitosha anieleze Opseth na Strøm walikosa nini zaidi yake.