Vikatio vya biskuti vya bati vinashika kutu: ninunue aina gani, na nivitunzeje?

BintiMakorora: Habari zenu wapendwa. Nipo Tanga, naoka biskuti za oda, na Idi ndiyo hiyo inabisha hodi. Vikatio vyangu vya bati vimeanza kutu kwenye maungio, na ile nyota imepinda, biskuti inatoka na pembe butu. Nichukue stenlesi, aluminiamu au zile za shaba zinazong'aa? Hela ya mawazo, msinitajie vya bei ya harusi. Natanguliza shukrani.

OveniImewaka: Stenlesi, mpenzi, hasa huko kwenu kwenye upepo wa chumvi. Shaba ni ya kutundika ukutani, na inataka kung'arishwa kila mara. Dukani usiangalie mng'ao, angalia ukingo: chini uwe mkali, juu uwe umekunjwa, la sivyo kiganja kitakuuma kabla sinia halijajaa. Kina kisipungue sentimita 2.5. Halafu binya ubavuni kwa vidole viwili. Kikibonyea kirahisi, rudisha.

MzeeWaGerezani: Nenda na sumaku. Ikinasa, hiyo si stenlesi.

JikoKavu: Shikamoo mzee. Hapo kuna mtego kidogo. Stenlesi ya daraja la 304, ile inayoandikwa 18/8, kwa kawaida hainasi, ila ya daraja la 430 inanasa vizuri tu na ni stenlesi halali. Na aluminiamu nayo hainasi. Kwa hiyo sumaku peke yake haitoshi. Bora utazame kiungo: kama kuna upenyo, unga utaingia humo na maji yatafuata.

MzeeWaGerezani: Marahaba. Nimekuelewa.

BintiMakorora: Na hivi vya zamani nitupe?

JikoKavu: Usitupe vyote. Hivyo ni chuma chembamba kilichopakwa bati juu, kwa hiyo kutu huanzia pale ngozi hiyo ilipokatwa au kukwanguliwa. Usiguse na stili wulu! Kutu ya juu juu kwenye kiungo, sugua kwa kitambaa chenye siki kidogo, suuza, kausha hapo hapo. Ikishakula ukingo unaogusa unga, hicho kimestaafu.

Kuosha: maji vuguvugu, sabuni, mswaki laini kwenye pembe, na usiloweke usiku kucha. Futa, kisha viache kwenye oveni uliyokwisha kuizima, ikiwa bado na uvuguvugu. Usivianike juu ya moto wa jiko, maana bati huyeyuka kwenye nyuzi joto 232 tu. Na visiingie kwenye mfuko wa nailoni vikiwa na unyevu.

OveniImewaka: Nyota kupinda nahisi ni mkono wako, dada. Unakizungusha ukikata, eti? Bonyeza moja kwa moja chini, inua moja kwa moja juu. Unga uliokandwa ukae kwenye friji kwanza, na kikatio ukichovye kwenye unga mkavu kila baada ya biskuti kadhaa. Hiyo nyota chora umbo lake sahihi kwenye karatasi, uinyooshe taratibu kwa koleo yenye mdomo mwembamba ukiilinganisha na mchoro.

BintiMakorora: Nazungusha kweli 😂 Koleo ipo kwa jirani, naifuata. Mwezi na ua navinunua vya stenlesi Jumamosi.

OveniImewaka: Chukua na saizi ndogo ya mwezi. Watoto wa Idi wanapenda viwiliviwili.